Ala ya Kisu: Elimu ya Kushona Ngozi kwa Fundi Anayeanza Mkoani Tabora

Mkoani Tabora kisu hakikai jikoni peke yake. Mrina asali wa Sikonge hupanda nacho mtini, mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua hushinda nacho shambani, mchungaji wa Igunga hutembea nacho kutwa. Tatizo ni namna kinavyobebwa. Kimoja kimezungushiwa kitambaa, kingine kimechomekwa kiunoni kikiwa wazi, kingine kimefungwa kwa kipande cha boksi na mpira wa baiskeli, na kingine kimelala tu ndani ya kapu ambamo mtoto ataingiza mkono akitafuta karanga. Majeraha yake hayasubiri ugomvi. Mtu huumia akiinama kufunga kamba ya kiatu, akiruka mfereji, au akianguka na baiskeli.

Dawa ya jambo hilo ni ala, na ala ya ngozi inaweza kushonwa na mtu yeyote mwenye subira na mikono miwili. Kijitabu hiki kinamfundisha yule ambaye hajawahi kushika msharasi, yaani chuma cha kutobolea ngozi, kutengeneza ala moja tu, ile ya kipande kimoja cha ngozi kinachokunjwa na kushonwa upande mmoja. Akiiweza hiyo, nyingine zitafuata. Tuseme mapema tunachokiamini, maana maelezo yote yanayofuata yanasimama hapo: ala ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa pambo. Ikipendeza machoni lakini kisu kinapenya mshono au kinadondoka mtu akiinama, haijawa ala.

Visu vilivyopita njia hii

Kabla ya kuwa mji wa reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo ikaingia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na hapo ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi kupitia Uvinza, penye chumvi, hadi Ujiji; jingine lilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, na wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga na kupanda bustani. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara hiyo mabegani: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi bara, mzigo wa mtu mmoja ukifika frasila mbili, yaani kama kilo 32. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na ndiyo maana mwaka 2006 Tanzania ilipoipendekeza kwa UNESCO ili iwekwe katika urithi wa dunia, iliiandikisha kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni kimojawapo cha vituo vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Kwa fundi wa leo, historia hiyo ina funzo la kazi. Chuma kilikuwa bidhaa ya heshima njiani. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kirongo, kusini mwa Ziwa Victoria, yaliuzwa Unyanyembe na yalipokelewa kama fedha. Palipo na chuma kikali pana haja ya kukifunika, na kila jamii ilikuwa na njia yake. Mwarabu wa Oman alivaa jambia lililopinda, ambalo ala yake ni mwili wa mbao uliovikwa ngozi na kupambwa kwa fedha. Wamasai na Wakamba, ng'ambo ya mashariki, walitengeneza na bado wanatengeneza ala ya sime kwa mbao mbili nyembamba zilizovikwa ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi ikikauka inasinyaa na kuzibana mbao hizo kabisa, kisha hupakwa rangi nyekundu.

Angalia kinachofanana katika kazi hizo mbili. Ndani mna mbao. Ngozi imefunika tu, na kinachozuia makali yasitoke ni mti. Ala tunayofundisha hapa haina mti ndani. Ngozi yenyewe ndiyo inayosimama, inayoshika umbo na inayopambana na makali. Kwa sababu hiyo kuchagua ngozi ni nusu ya kazi, na anayeharakisha hapa hataokolewa na ufundi wowote wa kushona.

Ngozi ya kununua na ngozi ya kukataa

Ngozi za viwandani ziko za aina kubwa mbili. Iko iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, laini na nyepesi, ambayo ndiyo nyingi kwenye viatu na mikoba. Na iko iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti, ngumu zaidi, ya rangi ya kahawia, ile ya mikanda mizuri ya kiunoni na soli za viatu vya zamani. Kwa ala, tafuta hii ya magome. Ikiloweshwa inakubali umbo la kisu, na ikikauka inalishika umbo hilo. Ile ya kromiamu ikiloweshwa hurudi ilivyokuwa, na chumvi zilizobaki ndani yake huweza kuharakisha kutu kwenye kisu.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Kata ukingo kwa wembe utazame katikati ya unene wake. Ngozi ya kromiamu mara nyingi inaonyesha rangi ya kijivu au ya samawati kwa ndani hata kama juu imepakwa kahawia. Ya magome ni kahawia mpaka moyoni. Kisha dondosha tone la maji upande wa ndani. Ngozi ya magome hulinywa na kubadilika kuwa nyeusi-nyeusi mahali hapo, na ukiikunja inabaki na alama ya mkunjo. Unene unaofaa kwa kisu chenye bapa la sentimita 12 hadi 15 ni milimita 3 au 4. Ikiwa nyembamba kuliko hapo italegea. Ikizidi, anayeanza atashindwa kuikunja.

Magome yanayotoa dawa hiyo ya ngozi yako hapa nchini. Njombe kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, na magome ya miwati ni kati ya dawa za ngozi zinazotumika sana duniani. Wapo pia watu wanaoloweka ngozi wenyewe kwa magome ya migunga. Ukitaka kujaribu, anza na kipande kidogo. Ngozi hutolewa nyama na manyoya kwanza, kisha hulazwa katika maji mepesi ya magome, na maji huongezwa ukali pole pole kwa wiki kadhaa. Ukianza na maji makali, uso wa ngozi hujifunga na katikati hubaki mbichi, halafu huoza. Usibandue magome ya miti hai ya miombo kwa kazi hii. Misitu hiyo ndiyo inayowalisha nyuki wa Tabora, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lake unakufa.

Kwa ala yako ya kwanza hatukushauri kununua ngozi nzima. Nenda kwa fundi viatu, mwombe mabaki ya mikanda na soli. Mkanda mpana wa zamani, begi la ngozi lililochoka au kipande cha tandiko hutosha.

Ziko ngozi za kukataa hata ukipewa bure, na hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Usichune wala kupokea ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla, tumbo likavimba upesi na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, huenda amekufa kwa kimeta. Vijidudu vya kimeta hukaa kwenye ngozi, manyoya na udongo kwa miaka mingi, na mtu huambukizwa kwa mkwaruzo mdogo tu wa mkono. Mzoga huo usifunguliwe. Mpigie afisa mifugo wa kata. Ukiwa umeshika ngozi usiyoijua asili yake, na baada ya siku chache ukatokwa na kipele kisichouma kinachogeuka kidonda chenye katikati nyeusi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na umweleze mhudumu kuhusu ngozi hiyo. Kimeta kinatibika kikiwahiwa.

Ngozi ya mnyamapori nayo ni hatari, ya namna nyingine. Chatu, kenge, pongo, chui na wengineo ni mali ya Taifa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu ngozi zao kuwa nyara za Serikali. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa, hata kama uliikuta njiani, hata kama ni kipande cha kupambia mdomo wa ala. Katika mkoa wenye hifadhi kubwa kama ya Ugalla, vijana wengi wanaambiwa kuwa kipande kidogo hakina neno. Kina neno, na kifungo chake si kidogo.

Halafu kuna jambo la heshima kwa mteja. Tabora ina Waislamu wengi, na ngozi ya nguruwe imejaa kwenye mabaki ya viatu kutoka nje. Utaitambua kwa vitundu vyake vilivyokaa vitatu vitatu. Mteja aambiwe ngozi ni ya mnyama gani kabla hajauliza.

Neno moja kwa wafugaji, kwa kuwa ngozi nzuri huanzia zizini. Chapa ya moto mbavuni au mgongoni huharibu sehemu ambayo fundi anaihitaji kuliko zote. Iwekwe mguuni chini ya goti. Kupe na miiba huacha makovu, na kisu cha mchunaji kikikata upande wa nyama huacha udhaifu usioonekana hadi ala inapopasuka.

Vifaa

Unahitaji kisu kikali cha kukatia, rula ya chuma, kalamu ya wino, msharasi ulionyooka, sindano mbili kubwa zenye ncha butu, uzi mnene wa nailoni wa kushonea viatu, gundi ya viatu ile ambayo mafundi huiita solusheni, msasa, vibanio vya nguo, ubao wa kukatia, karatasi ya manila na kipande cha nta. Msharasi ukikosekana, msumari wa inchi tatu ulionolewa na kutiwa mpini wa mti unafanya kazi ileile. Uma wa mezani nao uweke karibu, tutauhitaji.

Nta Tabora haitafutwi mbali. Baada ya asali kukamuliwa, masega huchemshwa kwenye maji, nta huelea, huchujwa kwa kitambaa na kuachwa igande. Iyeyushe ndani ya maji au juu ya sufuria ya maji, kamwe isikae moja kwa moja juu ya moto, kwa kuwa nta inashika moto kama mafuta. Uzi ukivutwa juu ya bonge la nta mara tatu au nne unateleza kwenye tundu, haukatikikatiki kwa kusuguana, na mshono ukishakazwa haulegei.

Solusheni itumike mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na watoto. Mvuke wake unalevya na unashika moto.

Kipimo cha karatasi

Kunja manila katikati. Laza kisu juu yake, mgongo wa bapa ukigusa mkunjo. Chora kuzunguka bapa na theluthi ya kwanza ya mpini, kisha chora mstari wa pili nje ya upande wa makali, milimita 15 kutoka mstari wa kwanza. Nafasi hiyo ndiyo ya mshono na ukanda wa kati, ambao tutaueleza mbele. Kata, fungua, na juu upande wa nyuma uache ulimi mrefu wa upana wa sentimita 3: huo utakunjwa kuwa kitanzi cha kupitisha mkanda wa kiunoni. Urefu wake ni mara mbili ya upana wa mkanda, ukiongeza sentimita 4 za kushonea.

Ingiza kisu kwenye karatasi iliyobanwa kwa vibanio, ukifunge kiunoni, ukae, uiname, uchutame. Ikiwa mpini unakuchoma mbavu ukiwa umekaa, shusha kitanzi au fupisha. Karatasi inasahihishika, ngozi haisahihishiki. Mteja akiwa mtu wa kutumia mkono wa kushoto, pindua karatasi kabla ya kuchora kwenye ngozi. Ala ya mkono wa kulia ikivaliwa kushoto, kitanzi hukaa mbele. Upande laini wa ngozi ndio unaokaa nje.

Unapokata ngozi, mkono usiokata ukae nyuma ya kisu siku zote. Kisu butu ni hatari zaidi ya kikali kwa sababu kinalazimisha nguvu, na nguvu huteleza.

Ukanda wa kati

Hapa ndipo ala nyingi za kuuzwa barabarani zinapofeli, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua ala ya bei rahisi uikunjue mdomo utazame ndani. Utaona ngozi mbili zimekutana na uzi umepita kati yake. Makali ya kisu yanashuka moja kwa moja juu ya uzi huo. Kila mara kisu kinapoingia kinakwaruza uzi. Siku moja mshono wa kwanza unakatika, wiki inayofuata wa pili, na asubuhi moja ncha inatoka pembeni na kuingia pajani. Mwenye ala hajui kitu, kwa kuwa nje bado inang'aa.

Kinga yake ni ukanda wa ngozi unaolala kati ya kuta mbili, ukifuata upande wa makali kuanzia mdomo hadi ncha. Makali yakishuka yanakutana na ukanda, hayakutani na uzi. Ukate upana wa milimita 8 hadi 10, unene uleule wa ngozi ya ala, na ukingo wake wa ndani ufuate mwinamo wa makali bila kuyagusa kwa nguvu. Kwenye ncha ya kisu ufanye mpana zaidi, kwani hapo ndipo ncha inapogonga. Chini kabisa acha pengo dogo la kutolea maji na uchafu. Maji yakibaki ndani, kisu kinapata kutu na ngozi inaota ukungu, hasa masika.

Ukanda usiruke sehemu yoyote. Fundi anayebana ngozi kwa kuukata mfupi ameokoa kipande cha vidole viwili akapoteza kazi nzima.

Mpangilio wa kazi ni muhimu. Shona kitanzi kwanza, wakati ngozi bado imelala bapa. Ukishakunja ala hutafika tena ndani. Mishono ya kitanzi ipite mara mbili, iwe ya umbo la mraba, kwa kuwa uzito wote wa kisu unaning'inia hapo. Baada ya hapo kwaruza kwa msasa sehemu zitakazogusana, paka gundi pande zote mbili, subiri dakika kumi hivi hadi isishike kidole, kisha bandika ukanda upande mmoja, kunja ala, bana kwa vibanio. Ngozi kavu sana hupasuka kwenye mkunjo wa mgongo, hivyo ifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukunja.

Kushona kwa sindano mbili

Gundi ikishika, sawazisha ukingo wa tabaka tatu kwa kisu na msasa mpaka uonekane kipande kimoja. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Sasa chukua ule uma wa mezani, bonyeza meno yake juu ya mstari, kisha hamisha ukiweka jino la kwanza kwenye alama ya mwisho. Utapata alama zilizo sawasawa, karibu milimita 4 au 5 kati yake, bila kununua kifaa cha bei kubwa.

Toboa kila alama kwa msharasi ukiwa umesimama wima kabisa. Ukiinama hata kidogo, upande wa mbele mstari utanyooka na upande wa nyuma utapinda kama njia ya ng'ombe. Toboa kwanza nusu ya unene, geuza ala uone ncha inapoelekea, kisha malizia. Chini weka ubao laini, usiweke paja lako. Tunalitaja paja kwa sababu mafundi wengi hufanya hivyo, na msharasi unaopenya tabaka tatu ghafla hausimami kwenye suruali.

Kata uzi wenye urefu mara nne au tano ya mshono wote. Upake nta. Funga sindano kila mwisho wa uzi huohuo mmoja. Pitisha sindano moja tundu la pili kutoka mdomoni, vuta mpaka pande mbili zilingane, rudi tundu la kwanza, kisha anza kushuka: mdomo wa ala unavutwa na kisu kila siku, hivyo unastahili mshono wa mara mbili. Kuanzia hapo mwendo ni mmoja. Sindano ya kulia inapita tundu kwenda kushoto. Kabla hujakaza, sindano ya kushoto inapita tundu lilelile kwenda kulia, ikipita pembeni mwa uzi wa kwanza bila kuuchoma. Vuta mikono yote miwili kwa pamoja, kwa nguvu iliyo sawa, mpaka uzi ulale ndani ya ngozi. Tundu linalofuata, vivyo hivyo, na siku zote sindano ileile itangulie. Ukibadilisha utangulizi njiani, mistari ya mshono itabadilisha mwelekeo na kila mtu ataiona.

Ubora wa mshono huu uko kwenye zile nyuzi mbili ndani ya kila tundu. Mshono wa cherehani umeshikana uzi wa juu kwa wa chini. Ukikatika mahali pamoja huanza kufunguka. Huu wa mkono ukikatika mmoja, jirani zake bado wamekaza. Ndiyo sababu mafundi wa matandiko ya farasi na punda duniani kote hawajauacha.

Ukifika chini, rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata uzi karibu na ngozi, nailoni iyeyushe kidogo kwa kibiriti na uibonyeze. Gonga mshono wote taratibu kwa nyundo ya mbao ili ulale.

Umbo, kingo na rangi

Lowesha ala kwa maji ya vuguvugu kwa dakika moja au mbili. Maji ya moto hayafai, yanasinyaza ngozi. Paka kisu mafuta, kifunge kwa nailoni laini ya kufungia vyakula, kiingize, kisha kwa vidole na kwa mpini wa kijiko bonyeza ngozi kuzunguka pale mpini unapokutana na bapa. Umbo hilo ndilo linaloshika kisu. Toa kisu, acha ala ikauke kivulini kwa siku moja au mbili. Usiianike juani wala pembeni ya jiko la mkaa. Jua la Tabora mwezi wa Oktoba linaifanya ngozi ngumu na kuivunja.

Ikikauka, ingiza kisu, pindua ala kichwa chini juu ya kitanda au gunia, itikise kidogo. Kisu kisidondoke. Kikidondoka, lowesha tena sehemu ya mdomo na urudie kubonyeza. Kikigoma kutoka, kiache ndani kwa usiku mmoja ngozi ikiwa na unyevu kidogo, kikiwa bado kimefungwa nailoni.

Kingo zinang'arishwa kwa msasa laini, maji kidogo, nta, na kipande cha mpingo au mninga kilicholainishwa, ukisugua haraka mpaka upate joto. Wengi huiruka hatua hii, na ala zao huanza kufumuka kingo baada ya mvua mbili.

Kwa rangi, dawa ya viatu inatosha. Anayetaka nyeusi ya kudumu kwenye ngozi ya magome aloweke misumari yenye kutu ndani ya siki kwa wiki moja, achuje, apake. Chuma kinakutana na dawa ya magome na kugeuka cheusi ndani ya ngozi yenyewe, hakichujuki kwa jasho. Kisha ioshe na uiache ikauke kabla ya kutia mafuta. Mafuta bora ya ngozi yanapatikana kwa mchemsha makongoro: chemsha miguu ya ng'ombe bila chumvi, acha ipoe, kusanya mafuta yanayobaki majimaji juu. Paka kidogo sana. Ala yenye mafuta mengi inalegea.

Matumizi na kuuza

Kisu kikiwekwa stoo kwa muda mrefu kitolewe ndani ya ala, kwani ngozi hunyonya unyevu na kuuleta kwenye chuma. Hii ni kweli zaidi kwa visu vinavyofuliwa kwa springi za magari, ambavyo ni vikali lakini hushika kutu upesi. Kisu cha machinjioni na cha bucha kisitiwe katika ala ya ngozi kabisa. Damu ikiingia haioshiki, na nyama ya kesho itaibeba. Na ala isimpe mtu ruhusa ya kuvaa kisu kwenye daladala, mkutanoni au mnadani. Kazi ikiisha, kisu kivuliwe.

Kuhusu bei, andika gharama ya ngozi, uzi, gundi na nta, kisha uhesabu saa zako kwa malipo ambayo ungeyakubali kama ungekuwa kibarua. Kijana anayeuza kwa bei ya ngozi peke yake anafanya kazi ya bure, na anamharibia soko aliye jirani yake. Wateja wa kwanza ni warina asali, wafugaji na wakulima. Wageni wanaokwenda Kwihara kuitazama tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872 watanunua pia, lakini usiwaundie ala ya mapambo yenye mshono mbovu.

Anayetaka kuendelea aende ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, aulizie mafunzo ya bidhaa za ngozi. Na kwa masomo ya teknolojia ya ngozi yenyewe ipo kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ukienda kwa mmoja wao, au kwa mnunuzi wa jumla, chukua ala mbili: moja mpya, na nyingine iliyovaliwa msimu mzima wa kilimo. Hiyo ya pili ifunguliwe mdomo mbele yake, aone ukanda wa kati ulivyokwaruzwa na uzi ulivyobaki mzima.